Mmormoni kwenye Harusi ya Ndugu: Ya Kupanga Kabla Kadi Hazijatoka

Nina kibanda cha kushonea Tabata, na sehemu kubwa ya ugali wangu inatoka kwenye harusi za watu. Kwetu ni Rombo, ukoo mzima Wakatoliki. Ukweni ni Tanga, Waislamu watupu ukimtoa mume wangu na mdogo wake. Nyumbani kwetu sisi ni waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Mwaka 2018 Russell M. Nelson, aliyekuwa Rais wa kanisa letu, alituhimiza tulitaje kanisa kwa jina lake kamili, na kanisani ndivyo tunavyofanya. Ila ndugu zangu wote wanatuita Wamormoni, na kwa kuwa maneno haya yanahusu kuishi na ndugu, nitalitumia hilo hilo.

Waumini wapya hunijia na maswali kwa sababu wanajua sikosi harusi. Kaka anaoa parokiani, niende? Binamu anapewa upadri, nitakaaje muda wote ule? Nenda. Hakuna kanuni ya kanisa letu inayokukataza kuingia kanisa la watu au msikiti kushuhudia ndoa yao. Ugomvi mara nyingi hautoki kwenye ibada. Unatoka kwenye yanayoizunguka: kikao, kinywaji, nguo, nafasi uliyopangiwa bila kuulizwa. Na yote hayo dawa yake ni moja. Mtafute mapema mtu anayehusika, mkiwa wawili tu, umwambie utakachoshindwa kufanya, na hapo hapo umpe kitu utakachofanya. Ukimpa la kwanza bila la pili, umemkatalia harusi yake.

Kikao na mchango

Vikao vya harusi Dar mnavijua. Jumapili jioni, baa, viti vya plastiki, mwenyekiti anasoma majina ya waliotoa na wasiotoa. Kwa Mmormoni hapo kuna mawili kwa mpigo: Sabato na baa. Kosa ninaloliona kwa waumini wapya ni kuandika kwenye kundi la WhatsApp la kamati kwamba imani yao hairuhusu. Watu mia wanasoma, na mmoja lazima atajibu. Mpigie simu mama wa bwana harusi au mwenyekiti. Mimi husema hivi: "Dada, Jumapili sitakuwepo, ni siku ya ibada na familia. Mchango wangu nautuma kesho, na sare za akina shangazi nitakata mimi kwa bei ya undugu." Aliyetoa mapema hata asipoonekana kwenye kikao hakuna wa kumsema. Wenye kelele vikaoni mara nyingi ni wenye ahadi tupu.

Kikao kikiwa siku ya kazi, naenda, hata kama ni baa. Naagiza soda, nakaa, nachangia hoja. Wapo kanisani wanaoona hilo halifai, na sibishani nao, ila kaka yangu akiwa anapanga harusi ya mwanawe mimi sikai nyumbani kwa sababu ya ubao uliopakwa rangi ya bia.

Kuhusu pesa yenyewe: omba mchango wako uandikwe kwenye chakula, keki au ukumbi. Wakikupangia kamati ya vinywaji, kataa siku hiyo hiyo. Si kwa sababu ya imani peke yake. Bia ikiisha saa nne usiku wataulizana nani alihesabu makreti, na wote watageuka kumtazama yule asiyekunywa. Chukua usafiri wa wazee au mapambo. Na mchango usitoke kwenye fungu la kumi. Hilo lina mwenyewe.

Kuna wanaosusa kuchanga kabisa kwa hoja kwamba hela yao itanunua pombe. Naona wanavuka mpaka. Kesho binti yako naye ataolewa, na kadi utazipeleka kwa watu wale wale.

Bia si tatizo, chai ndiyo

Mgeni wa imani hii hujiandaa kwa ajili ya bia, kumbe bia Dar ni nyepesi. Meza moja ya harusi ina Mwislamu, ina mlokole, ina dereva, ina mtu yuko kwenye dozi. Mhudumu akiuliza "unatumia nini?" ukasema Stoney, hakuna anayegeuka.

Chai ni habari nyingine. Neno la Hekima, sheria yetu ya afya ambayo mwanzilishi wa kanisa letu, Joseph Smith, aliipokea mwaka 1833, linakataza pombe, tumbaku na "vinywaji vya moto," na viongozi wetu walieleza tangu zamani kwamba maana yake ni chai na kahawa. Sasa hebu fikiria siku ya kupeleka barua ya posa. Mama mwenye nyumba ameamka alfajiri, chai ya maziwa imeiva na tangawizi, maandazi yako kwenye hotipoti. Anakumiminia kwa mkono wake. Ukikataa kikombe kile, yeye haoni imani yako, anaona umemkataa yeye.

Kwa hiyo naenda na mchaichai. Naung'oa nyuma ya nyumba, nafunga kifungu, nikifika namkabidhi wifi jikoni kabla hata sijakaa sebuleni. Mchaichai si majani ya chai, na rosela pia si majani ya chai. Ya mmea wa chai, meusi au ya kijani, ndiyo tunayoyaacha. Kama sikubeba, nasema mapema: "Mama, majani ya chai niliacha, ila ukinichemshia maziwa nakunywa vikombe viwili." Vikombe viwili ni muhimu. Kunywa kweli, na ule na maandazi.

Tanga ni kahawa chungu, barazani, kwa vikombe vidogo. Mume wangu hupokea kashata, kikombe akakisogeza kwa jirani. Wameshazoea, siku hizi jirani huyo hugombaniwa.

Kwetu Wachaga kuna mbege, pombe ya ndizi. Siku ya mahari kibuyu kinazunguka kwa wazee, na kukipokea ni kukubali yaliyosemwa. Hapo usifanye maamuzi kibuyu kikiwa mbele yako. Wiki moja kabla nilimpigia mjomba mkubwa: "Mjomba, mimi sitakunywa, lakini sitaki kionekane kimenipita." Akaniambia nikipokee kwa mikono miwili, nikiinamie, nikimpe anayefuata. Ndivyo tunavyofanya mpaka leo. Kwa wanaotaka kitu cha kunywa kweli, mama mdogo huandaa togwa kwenye ndoo ya pembeni, na watoto huimaliza kabla yetu.

Shampeni ni kwa walio meza kuu. Kama wewe na mwenzio ni wasimamizi, mtatakiwa kusimama, glasi mkononi, MC akihesabu. Ongea na MC, si na mhudumu. Mhudumu wa saa kumi jioni siye wa saa tatu usiku. Mwambie glasi zenu ziwe na juisi ya zabibu nyeupe. Kwenye picha hakuna atakayetofautisha. Mwombe pia asitangaze. Kuna MC mmoja alitangaza "wasimamizi wetu ni walokole wa kimataifa," ukumbi mzima ukaangua kicheko, bibi harusi akaona aibu kwa niaba yetu.

Nguo, hapa nazungumza kama fundi

Waumini walioingia hekaluni, jengo la ibada maalumu lililo tofauti na kanisa la Jumapili, huvaa vazi takatifu chini ya nguo zao za kila siku. Sare za harusi za mjini zina mgongo wazi, kamba mabegani, mpasuo hadi pajani. Usisubiri kitambaa kikatwe ndiyo useme. Siku sampuli ya mshono inapotumwa kwenye kundi, mwone fundi mwenyewe, si kamati. Kamati inajali rangi. Mshono ni kati yako na fundi. Omba mita moja ya ziada, au nusu ukiwa mwembamba. Mikono ya lesi ya rangi ile ile inaingia kwenye gauni lolote. Mgongo unazibwa kwa kipande cha lesi chenye kitambaa cha ndani. Kama fundi ni mkaidi na gauni limeshakamilika, shona koti fupi la juu. Jihadhari na satini ya bei rahisi, ukiifumua mshono inaacha matundu, kwa hiyo mabadiliko yafanyike kabla ya cherehani kugusa.

Ndani ya kanisa la Kikatoliki

Mkatoliki atakusalimu "Tumsifu Yesu Kristo." Jibu "Milele, amina." Hakuna ndani yake neno la kukusumbua. Simama wanaposimama, kaa wanapokaa. Kupiga goti kuelekea tabernakulo, kisanduku kinachohifadhi Ekaristi, na kujichovya maji ya baraka si lazima kwa mgeni. Mimi nainamisha kichwa naingia. "Baba Yetu" nasali nao kwa sauti. Kanuni ya Imani nanyamaza, kwa sababu sisi tunaamini Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni watu watatu tofauti, na sipendi kusema mbele ya Mungu nisichokiamini. Amani natoa, mkono kwa mkono, safu nzima.

Komunyo ni ya Wakatoliki, kwa hiyo unabaki kwenye benchi. Kaa mwisho wa safu, au kunja miguu, watu wapite bila kukuruka. Nimeona muumini wetu kijana amepanga foleni kwa sababu kila mtu alisimama. Mjulishe mwanao mapema. Ukipewa somo la kusoma, bibi harusi amuulize paroko kwanza kama mtu asiye Mkatoliki anaruhusiwa.

Usimamizi je? Sheria ya Kanisa Katoliki inataka mashahidi wawili, na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo inataka angalau wawili. Lakini parokia nyingine zinataka wasimamizi wawe wanandoa Wakatoliki wenye ndoa ya kanisani, maana wanawahesabu kuwa walezi wa ndoa ile. Kabla hujafurahia uteuzi, waulize maharusi kama wamempelekea paroko jina lako. Ni afadhali kukosa nafasi hiyo mwezi wa kwanza kuliko wiki ya harusi.

Nikaha, ndoa ya Kiislamu, ni nyepesi zaidi, na hapa sina mengi. Hakuna pombe, hakuna komunyo. Kuna hotuba, mahari inatajwa, walii na mashahidi, kisha chakula. Wanawake mara nyingi tuko upande wetu au nyumbani tukisubiri habari. Mtandio, viatu mlangoni, "Wa aleikum salaam." Ubani na hina za akina bibi zisikutishe, ni urembo na furaha.

Ukiwa wewe ndiye unayeolewa na Mkatoliki

Hili liandaliwe polepole, maana vijana wetu wanaliingia wakiwa wamefumba macho. Juni 2001 Vatikano ilijibu kwamba ubatizo wetu haitautambua kuwa halali. Kwa hesabu yao, basi, wewe hujabatizwa. Ndoa yenu haiwi ile ya Mkatoliki na Mlutheri. Ni ya tofauti ya dini, na bila ruhusa ya askofu wao haifungwi kihalali kanisani kwao. Paroko ndiye anayeiomba. Msiende kwake mkiwa na kadi zimeshachapwa.

Usikasirike. Na sisi ubatizo wao hatuutambui. Mkatoliki akija kwetu anabatizwa upya. Nimewahi kumsikia binti wa kata yetu, ndivyo tunavyoliita kusanyiko letu, akilalamika kwamba Wakatoliki wamemdharau, nikamuuliza mama yake alipojiunga alifanyiwa nini.

Mwenzako Mkatoliki ataahidi kufanya kadiri awezavyo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na wewe utajulishwa ahadi hiyo. Mazungumzo ya watoto yafanyike kabla ya siku hiyo, sebuleni, si mbele ya paroko. Ibada kwa kawaida itakuwa bila Misa, na hilo kwa kweli linawapunguzia tabu: hakuna upande mmoja wa familia unaobaki kwenye mabenchi wakati mwingine unakwenda komunyo. Jua pia kwamba hekaluni hamtaunganishwa kwa ndoa ya milele wakati mwenzako si muumini wetu. Askofu wetu, yaani kiongozi wa kata, hatakufukuza kwa kuolewa huko, ila atakuuliza kama umelifikiria hilo. Uwe na jibu lako, si la mama yako.

Upadirisho

Mtoto wa kaka yangu alipewa upadri Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, pale mbele ya bandari. Upadirisho ni mrefu, unakaribia nusu siku ukihesabu na picha, kwa hiyo kula asubuhi na fika mapema. Sehemu ya kuegesha gari mjini kati haipatikani kwa maombi.

Ukijua mpangilio hutapotea. Mwombaji anaitwa kwa jina, anajibu, anajongea. Askofu anahubiri na kumuuliza maswali, naye anaahidi utii. Kisha analala kifudifudi sakafuni na Litania ya Watakatifu inaimbwa. Watu wanaitikia "Utuombee." Sisi hatuombi kupitia watakatifu, kwa hiyo hapo nainamisha kichwa na kumwombea kijana kwa maneno yangu. Baadaye askofu anamwekea mikono kichwani, kimya kabisa, halafu mapadri wote waliopo mmoja mmoja wanafanya hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipotokwa na machozi, na siyo mimi peke yangu. Mmormoni anakifahamu kitendo hicho. Kwetu nako ukuhani unatolewa kwa mikono kichwani. Hatukubaliani juu ya nani mwenye mamlaka, lakini ukimwona mtoto uliyembeba mgongoni amepiga magoti chini ya mikono yote ile, hutakaa ukahakiki mamlaka. Baadaye viganja vyake vinapakwa krisma, mafuta matakatifu, anapewa patena na kalisi, sahani na kikombe cha Misa.

Mchango wangu wa upadirisho ule nilimwahidi kaka tangu mwanzo: alba, ile kanzu ndefu nyeupe ya padri. Kasula na stola, mavazi yanayovaliwa juu yake, walinunua kwa masista, alba nikashona mimi. Fundi ukipewa kazi hiyo, pima kijana akiwa ameinua mikono, maana padri anasali mikono juu na alba fupi inapanda hadi magotini. Tumia kitambaa chenye pamba nyingi. Atalala nayo sakafuni kwenye joto la Dar. Kwapa weka kipande cha ziada. Waumini wenzangu wawili waliniuliza kama si vibaya kushona vazi la padri. Niliwaambia nashona pia kanzu za maulidi.

Baada ya Misa padri mpya anatoa baraka ya kwanza, na watu wanapanga foleni kupiga magoti mbele yake. Hili ndilo la kuamua mapema. Nilimpigia wiki ile: "Baba, shangazi yako nifanyeje?" Akacheka, akasema nije kama nilivyo. Nilipiga magoti, akaniombea, nikasema amina. Mume wangu alibaki amesimama akampa mkono, na hilo nalo lilipokelewa. Sijaona kwenye mafundisho yetu pale panapokataza mtu mwingine akuombee mema. Na ndiyo, tangu siku ile namwita Baba, ingawa pua nilimfuta mimi.

Misa ya shukrani ya kwanza huwa Jumapili, mara nyingi parokia ya nyumbani, na karamu kubwa. Mimi naenda ibada yetu ya sakramenti kwanza. Tangu Januari 2019 mikutano yetu ya Jumapili ni ya saa mbili tu, na ukipanga vizuri unaifikia sherehe watu wakiwa bado kwenye hotuba. Ikiangukia Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku yetu ya kufunga, mimi hufunga Jumapili nyingine. Kukaa mbele ya ndafu ya mpwa wako na sahani tupu ni kujitangaza.

Kwa Walutheri na Wapentekoste

Rafiki yangu tangu shule alibarikiwa kuwa mchungaji KKKT. Kwao wanawake wanabarikiwa. Kwetu ukuhani ni wa wanaume. Nilijua nitaulizwa, na nikaulizwa, kwenye meza ya chakula, na shemeji yake: "Ninyi kwenu wanawake mmekaliwa?" Jibu liwe fupi na la kweli: hatutawazwi, ila tunahubiri mimbarini, tunasali, tunafundisha, tunakwenda misheni, na tangu Oktoba 2019 tunasimama mashahidi wa ubatizo. Kisha geuza maneno yarudi kwa mwenye sherehe. Siku yake si ya kujadili kanisa lako, wala si siku yako ya kujadili la kwake.

Wanaume wawe macho zaidi kwa Wapentekoste. Mchungaji akisimikwa, kiongozi anaweza kuita "watumishi wote wa Mungu mlioko humu" waje waweke mikono. Mume wangu ni mzee, cheo katika Ukuhani wa Melkizedeki ambao ndio ukuhani wetu wa juu, na jirani yetu anajua, akamvuta mkono. Alibaki ameketi, akasema "nitamwombea hapa hapa." Ukuhani wetu hautumiki kuwatawaza viongozi wa kanisa jingine, na kwetu nako asiye na ukuhani huo haingii kwenye duara la kuweka mikono. Kaa safu ya katikati. Aliyeko mbele ndiye anayevutwa.

Kwenye meza hizi utakutana pia na mwenye simu aliyesoma jambo. Ataleta habari ya weusi: ni kweli, hadi Juni 1978 wanaume wenye asili ya Afrika hawakutawazwa katika kanisa letu, na ni Rais Spencer W. Kimball aliyetangaza mabadiliko. Usikwepe wala usipambe. Ataleta habari ya wake wengi: Rais Wilford Woodruff alitangaza kuachana nayo mwaka 1890, na leo muumini akioa mke wa pili anapoteza uanachama wake. Mashemeji wa Tanga wanaliona hili kichekesho kikubwa, kwamba sheria ya Tanzania inazitambua ndoa za wake wengi na Wamormoni ndio wanaomkataza mume wangu.

Wao wakija kwetu

Sasa ndugu wanalipa fadhila, wanakuja harusi ya mwanao. Hapa wanaokwazwa ni wao, na ni kazi yako kuwaandaa.

Kwanza sheria. Taarifa ya kusudio la ndoa inatolewa siku 21 kabla, na anayefungisha ndoa kidini lazima awe na leseni ya serikali. Muulize askofu wa kata mapema nani ataifungisha. Ikishindikana, ofisi ya Mkuu wa Wilaya wanafungisha. Ndoa yetu ya kanisani ni fupi sana. Askofu anatoa mawaidha, viapo, sala, basi. Wajomba wanabaki wameketi wakingoja iendelee. Ongeza kwaya, na mpe mzee wa kila upande dakika chache za kusema.

Pili hekalu. Nairobi liliwekwa wakfu Mei 18, 2025. Kabla yake tulikuwa tunakwenda Johannesburg, ambalo ni la mwaka 1985, na nauli ya ndege iliwashinda wengi. Sasa ni basi kupitia Namanga. Ndani huingia mwenye kibali tu, baada ya mahojiano na viongozi wa kata na wa kigingi, yaani muungano wa kata kadhaa. Mama mzazi Mkatoliki haingii, hata angelia getini. Kwa hiyo usimsafirishe Nairobi kwenda kukaa nje ya ukuta. Kila kinachoonekana kifanyike Dar: ndoa, pete, ndafu, kwaito, akina mama kucheza na zawadi kichwani. Wiki chache baadaye maharusi wanakwenda Nairobi kimya kimya kuunganishwa. Tangu Mei 2019 kanisa limeondoa sharti la kusubiri mwaka lililokuwepo kwenye baadhi ya nchi, kwa hiyo hakuna haraka ya kuanza na hekalu. Mwambie mkwe wako kabla hajasikia kwa jirani: "Ndoa ni hii utakayoiona. Kule ni ahadi za imani yetu."

La mwisho ni watoto wa kiume. Kwetu mvulana anaweza kuwa shemasi kuanzia Januari ya mwaka anaotimiza miaka 12. Mama yangu kusikia mjukuu wake anakuwa shemasi, alidhani amemaliza seminari bila yeye kuambiwa, akaagiza mbuzi. Eleza kwenye simu, taratibu: atagawa mkate na maji Jumapili, kutawazwa kwenyewe ni dakika chache kwenye chumba kidogo baada ya ibada, wanaume wachache wanamwekea mikono, hakuna kengele wala maandamano. Waalike hata hivyo, saa tatu asubuhi, na uwaonyeshe watakapokaa. Na mbuzi akiwa ameshapanda basi la Rombo, usimrudishe. Chinja, mwalike na askofu.